Pete ya Kuzuia Mimba: Ipimwe kwa Mizani Gani?

Miongoni mwa mambo ambayo waumini huona haya kuyataja, na kwa sababu hiyo huyaacha yakaamuliwa na watu wengine, ni jambo la kupanga uzazi. Haya ni sehemu ya imani, wala hatusemi kwamba iachwe. Lakini wanawake wa Madina hawakuzuiwa na haya kumwuliza Mtume Mtukufu (s.a.w.) habari za hedhi, josho na unyumba, na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu hiyo hiyo, yaani haya haikuwazuia kuijua dini yao. Basi sisi tuna udhuru gani wa kunyamaza, ilhali kila siku dada zetu hupewa vidonge, sindano, vijiti, vitanzi na pete, na aghalabu hurudi nyumbani bila kujua walichopewa kina faida gani na kina madhara gani?

Katika makala hii tutaizungumzia pete ya kuzuia mimba, ambayo wengi wameisikia lakini wachache wameielewa. Kabla ya kuanza, yatupasa kutenga maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Swali la kwanza: Je, ni halali? La pili: Je, inafaa? Kurani Tukufu inapowaruhusu watu kula vilivyomo ardhini haisemi halali peke yake, bali huunganisha halali na kilicho kizuri. Asali ni halali, lakini mgonjwa wa kisukari akatazwapo na tabibu asiile, haikuwa haramu kwa watu wote. Imekosa tu kuwa nzuri kwake. Ndivyo ilivyo pete hii. Mtu akithibitisha kwamba ni halali, bado hajathibitisha kwamba inamfaa mkewe au binti yake.

PETE HIYO NI NINI?

Ni duara la plastiki laini inayopindika. Ile ijulikanayo zaidi, NuvaRing, ilitengenezwa na kampuni ya Organon ya Uholanzi, ikaruhusiwa kutumika katika Uholanzi na Marekani mwaka 2001. Upana wake ni kama sentimita 5.4 na unene wake milimita 4. Mwanamke huiingiza mwenyewe ukeni, hukaa nayo kwa wiki 3, kisha huitoa na kukaa wiki 1 bila pete, na katika wiki hiyo hupata damu kama ya hedhi. Baada ya hapo huweka pete mpya. Kila siku pete hiyo hutoa kidogo kidogo homoni mbili: mikrogramu 120 za etonojestreli na mikrogramu 15 za ethinili estradioli. Homoni hizo hupenya ngozi laini ya ndani na kuingia katika damu.

Mwaka 2018 Marekani iliruhusu pete nyingine, Annovera, iliyotokana na utafiti wa shirika la Population Council. Hii hutumika mwaka mzima: wiki 3 ndani, wiki 1 nje, kisha hurudishwa ile ile baada ya kuoshwa, mpaka itimize mizunguko 13.

Kazi kubwa ya pete hizi ni kuzuia yai lisikomae na kutoka katika ovari. Pamoja na hayo huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito, mbegu za mume zisipite. Ndugu msomaji, naomba uyashike vizuri maneno haya, kwani hukumu yetu inategemea jambo hilo: pete haitoi mimba iliyokwisha kutungwa, bali inazuia yai na mbegu visikutane.

JE, NI HALALI?

Wako wasemao kwamba kuzuia mimba kwa njia yoyote ni kumwua mtoto, nao hutoa kama hoja makatazo ya Kurani Tukufu ya kuwaua watoto kwa kuogopa umaskini. Hoja hiyo yataka kuangaliwa kwa adabu, lakini kwa makini. Waarabu wa zama za ujinga waliwazika mabinti zao wakiwa hai. Hao walikuwa watoto waliokwisha kuzaliwa, wenye roho, wanaolia na kunyonya. Yai ambalo halijatoka katika ovari si mtoto. Na masahaba wa Mtume Mtukufu (s.a.w.) walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga mbegu nje ili mke asishike mimba. Sahaba Jabir (r.a.) amesimulia kwamba walilifanya jambo hilo wakati Kurani Tukufu ilipokuwa ikiteremshwa, wala hawakukatazwa. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichambua jambo hili katika kitabu chake cha Ihya Ulumid-Din na kuona kwamba azli yaruhusiwa. Hata kulinda afya ya mke asife katika uzazi alikuhesabu kuwa sababu inayokubalika. Kama azli yaruhusiwa, basi pete, ambayo lengo lake ni lile lile, haiwezi kuharamishwa kwa sababu tu ni kitu kipya.

Hata hivyo haifai kuyaruka makatazo yale upesi, kana kwamba hayatuhusu kabisa. Mwenyezi Mungu hakukataza tendo tu, bali alifichua pia fikira iliyolizaa tendo hilo: hofu ya kwamba mtoto atakula riziki ya baba yake. Mtu anayehesabu watoto kuwa ni maadui wa mali yake, asiyetaka kuzaa ili asipunguze starehe, moyo wake umeshikwa na fikira ile ile, hata kama mikono yake haijamwua mtu. Lakini mama aliyezaa mara tatu katika miaka minne, ambaye damu yake imepungua na mgongo wake hauna nguvu, akasema, “Nipumzike kwanza, nimlee huyu aliyeko,” huyo hakumdhania Mola wake vibaya. Anaichunga amana aliyopewa. Wazee wetu walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Na chama cha uzazi wa majira kilichoanza Tanzania mwaka 1959, kinachojulikana kama UMATI, kilijiita Chama cha Uzazi na Malezi Bora. Jina hilo linaunganisha mambo mawili ambayo hayafai kutenganishwa.

Wengine husema, “Tumtegemee Mungu, yeye ndiye ajuaye.” Naam, tumtegemee. Lakini Mtume Mtukufu (s.a.w.) alimwelekeza bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Kurani Tukufu yenyewe imetaja kwamba mama amnyonyeshe mtoto miaka miwili kamili, kwa mwenye kutaka kutimiza. Nalo Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba baada ya kuzaa mama angoje angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine. Mwenye macho haambiwi tazama.

FAIDA ZAKE

Faida ya kwanza ni kwamba pete haimlazimishi mwanamke kukumbuka kila siku. Asahauye kidonge siku mbili tatu hujikuta na mimba asiyoitarajia. Mwenye pete hukumbuka mara mbili tu kwa mwezi, siku ya kuweka na siku ya kutoa.

Ya pili ni nguvu yake. Wakitumia pete wanawake 100 kwa mwaka mmoja bila kukosea, hata mmoja hatarajiwi kushika mimba. Kwa jinsi watu wanavyotumia hasa, pamoja na kusahau kwao, hushika mimba wapatao 7. Bila kinga yoyote hushika mimba kama 85.

Ya tatu, damu huja kwa utaratibu. Jambo hili ni kubwa kwa mwanamke anayesali na kufunga. Wengi watumiao sindano au vijiti hupata matone ya damu siku zisizojulikana, wakabaki hawajui kama ni hedhi au ni istihadha. Pete kwa kawaida huleta damu katika wiki inayojulikana, na wengine huona kwamba damu na maumivu hupungua. Na kwa kuwa wanavyuoni wamehitilafiana kuhusu kitu kinachoingizwa mwilini mchana wa Ramadhani, dada aliye mwangalifu ataiweka usiku na kuondokana na shaka.

Ya nne, na kwangu mimi ndiyo yenye uzito zaidi: mwanamke huweka mwenyewe na hutoa mwenyewe. Kijiti huhitaji mtu wa kukipasulia ngozi akitoe, na kitanzi huhitaji mkono wa mganga. Watawala wakilishika jambo la uzazi kwa nguvu, matokeo yake yanajulikana. Huko India, katika hali ya hatari ya miaka ya 1975 hadi 1977, watu wengi walifungwa uzazi kwa kushurutishwa. China nayo, kwa amri ya mtoto mmoja iliyokoma mwaka 2015, iliingilia hata vyumba vya wake na waume. Pete haimfungi mwanamke hivyo. Akiitoa leo, uwezo wake wa kuzaa hurudi upesi, na hakuna wa kumwombea ruhusa.

MADHARA YAKE

Sasa tuangalie upande wa pili, kwani mfanyabiashara anayesifu mali yake bila kutaja aibu yake, Mtume Mtukufu (s.a.w.) amemkemea.

Yako madhara madogo: kuumwa kichwa, kichefuchefu, matiti kuuma, ute kuongezeka, muwasho ukeni, na wengine huiona pete ikiteleza na kutoka. Ikitoka, NuvaRing huoshwa kwa maji ya baridi au ya vuguvugu na kurudishwa kabla ya saa 3 kupita. Zikizidi, kinga yake hupungua. Aidha, pete hiyo huhifadhiwa katika jokofu dukani, na ikishatolewa humo isikae zaidi ya miezi 4, mbali na jua na joto kali. Kwa mkaaji wa Mombasa, Tanga au Muskat, sharti hilo si dogo.

Yako pia madhara makubwa ingawa ni nadra, na la kwanza kati ya hayo ni damu kuganda katika mishipa. Donge la damu likianza mguuni laweza kupanda mpaka mapafuni na kuua. Homoni ya estrojeni huiongeza hatari hiyo, kama ilivyo katika vidonge vyenye homoni hiyo. Kwa hiyo pete ya namna hii haimfai aliyewahi kupata donge la damu, kiharusi au ugonjwa wa moyo. Wala mwenye shinikizo kubwa la damu. Wala avutaye sigara naye amefika miaka 35. Wala mwenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli. Wala mwenye saratani ya matiti au ugonjwa mkali wa ini. Wala mama aliyejifungua karibuni. Tena dawa ya rifampisini inayotumika katika kifua kikuu, na baadhi ya dawa za kifafa, huipunguza nguvu pete hata mimba ikaweza kuingia.

Mwisho, pete ya kuzuia mimba haizuii UKIMWI wala maradhi mengine ya zinaa. Ipo pete nyingine, yenye dawa ya dapivirini, iliyojaribiwa Uganda, Malawi, Zimbabwe na Afrika ya Kusini. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba inapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa karibu thuluthi moja, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza iwe kinga ya ziada. Lakini hiyo haizuii mimba. Anayezichanganya pete hizi mbili anaweza kudhurika vibaya.

MIZANI YA HAKI

Hapa ndipo watu wengi wanapopunja mizani. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 10,000 watumiao pete kwa mwaka mmoja, karibu 8 walipata donge la damu, na miongoni mwa wasiotumia homoni yoyote walikuwa 2 tu. Mpinzani wa pete husema, “Hatari ni karibu mara nne!” Amesema kweli. Mtetezi wa pete hujibu, “Ni wanawake 8 tu katika 10,000, na mwenye mimba ana hatari ya kati ya 5 na 20, na baada ya kujifungua hatari hupanda hata kufika 40 na zaidi.” Naye amesema kweli. Lakini kila mmoja ametaja ukweli unaomfaa na kuuficha usiomfaa.

Uadilifu wataka tuulize: mwanamke huyu, kama hatatumia pete, atafanya nini? Ikiwa atashika mimba nyingine hali mwili wake umechoka, basi yampasa kulinganisha pete na mimba. Tusisahau kwamba katika mwaka 2023 peke yake wanawake wapatao 260,000 duniani walikufa kwa sababu za mimba na uzazi, na wengi wao walikuwa wa bara letu la Afrika. Lakini ikiwa aweza kutumia kitanzi cha shaba kisicho na homoni, au mume aweza kutumia mpira, basi hapana haki ya kumtisha kwa hatari ya mimba ili akubali pete. Alinganishe njia na njia. Mganga anayeficha moja ya hesabu hizi, hata kwa nia njema, amemnyang’anya mgonjwa haki yake ya kuchagua.

KUHUSU MAMA ANAYENYONYESHA

Mama anayenyonyesha ana jambo lake mahsusi. Pete zenye estrojeni hazimfai hasa katika miezi ya kwanza, kwa kuwa zaweza kupunguza maziwa. Kwa ajili yake ilitengenezwa pete yenye projesteroni peke yake, homoni ambayo mwili wa mwanamke wenyewe huitengeneza. Pete hiyo hudumu miezi 3, kisha hubadilishwa, mpaka mtoto atimize mwaka. Ilianza kuruhusiwa huko Chile na Peru, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha yake ya dawa za lazima. Katika Kenya, Nigeria na Senegal ulifanywa utafiti wa kuona kama akina mama wataikubali. Hiyo haina hatari ile ya estrojeni, nayo huenda sambamba na unyonyeshaji badala ya kuupinga. Ni mfano mwema wa elimu inayotumikia malezi.

JE, MKE AITUMIE KWA SIRI?

Limebaki swali gumu. Pete haionekani. Mke aweza kuitumia na mume asijue. Je, afanye hivyo?

Asili ya ndoa ni mashauriano. Kurani Tukufu inapotaja kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, imeshurutisha wazazi wawili waridhiane na washauriane. Ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwahitaji shauri la wote wawili, basi kuzuia mtoto asipatikane kwahitaji shauri zaidi. Na wengi wa wanavyuoni wa fikihi walimshurutishia mume apate idhini ya mkewe kabla ya kufanya azli, kwa kuwa mtoto ni haki ya mke pia. Kwa hiyo mke anayemficha mumewe kwa sababu tu hapendi mazungumzo, amevunja uaminifu, kama vile mume anayemwamrisha mkewe azae au asizae bila kumwuliza amevunja uaminifu.

Lakini vipi kuhusu mwanamke aliyeambiwa na daktari kwamba mimba nyingine huenda ikamwua, na mumewe akasema, “Mimi nataka mtoto, shauri yako”? Huyo na aende kwa wazee wa pande mbili, na daktari aitwe aseme mbele ya mume. Aghalabu ukaidi wa mume ni ujinga wa jambo tu, nao huondoka akielezwa na mtu anayemheshimu. Akiendelea kukataa hata baada ya hayo, mimi nasema kwamba kuihifadhi roho kumetangulia. Dini inayotufundisha tusidhuru wala tusidhuriwe haimpi mume haki ya kuyachezea maisha ya mkewe. Katika hali hiyo dhambi ni ya yule aliyeufunga mlango wa mashauriano, na wala haimwendei aliyeokoa nafsi yake.

TUFANYEJE?

Ndugu msomaji, ukiwa mume, usimtume mkeo kliniki peke yake kana kwamba uzazi ni wake peke yake. Fuatana naye, usikilize, uulize. Na wewe dada, usiichukue pete kwa kuwa jirani ameisifu. Pimwa shinikizo la damu, taja maradhi uliyowahi kuugua na dawa unazotumia, na useme kama unanyonyesha. Ukiona mguu mmoja umevimba na kuuma, au kifua kinabana, pumzi inakuwa fupi, au kichwa kinauma ghafula kupita kiasi, itoe pete na ukimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Na nyote wawili jiulizeni mkiwa faraghani: twazuia kwa kuwa twamhurumia mama na mtoto aliyeko, au kwa kuwa twamwogopa mtoto ajaye? Jibu la swali hilo hakuna daktari wala shehe awezaye kuwajibia. Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani, ndiye atakayewauliza.

Mwenyezi Mungu awape akina mama zetu afya, awape akina baba huruma na busara, na awajalie watoto wetu, wawe wengi au wachache, kuwa kitulizo cha macho yetu. Amin.